Mionzi ya hospitali na ya viwandani: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni mtu wa chumba cha eksirei, nimepiga mbavu na mapafu ya watu mpaka hesabu imenipotea, alafu baadaye nikaanza kufundisha vijana wa saiti namna ya kujikinga. Maswali ya hapa sijayatunga, ni yale yale yanayorudi kila wiki toka kwa wagonjwa, ndugu zao, mafundi welda, vijana wa skrepa na wadada wanaosubiri viza. Nimeanza na mepesi nikaenda kwenye magumu. Kama jibu liko kwenye namba nyingine nitakutuma huko, sirudii mara mbili.

## Kwanza tuelewane

1. Mionzi ni nini hasa, na mbona siioni wala siisikii?

Mionzi ni nishati inayosafiri. Mwanga wa jua ni mionzi, joto linalokupiga usoni ukikaa karibu na jiko la mkaa nalo ni mionzi. Ila ile tunayoiogopa inaitwa mionzi ayonisha, hilo ndo jina utaliona kwenye makaratasi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), na maana yake ni mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ikifanya hivyo ndani ya seli inaweza kukata uzi wa DNA. Mwili wako una mafundi wake wa kushona hizo nyuzi na wanashona kila siku, shida inakuja zikikatika nyingi kwa mara moja au mshono ukikaa vibaya.

Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Hata ukishika chanzo kikali kabisa (chanzo ni kile kitu kinachotoa mionzi) mkononi unaweza usisikie chochote saa ile, na hapo ndo watu wanapoponzeka, tutafika huko kwenye namba 17.

2. Simu, mnara uliojengwa nyuma ya nyumba yetu, waifai na maikrowevu je?

Hivyo vyote havitoi mionzi ayonisha. Ni mawimbi ya redio, nguvu yake haitoshi kung'oa elektroni hata ukae chini ya mnara miaka 20. Yakiwa makali sana yanapasha joto, ndo maana maikrowevu inapasha wali, na ndo maana fundi wa minara hapandi kusimama mbele ya antena iliyowashwa. Kama una ugomvi na mnara kwa sababu ya kelele za jenereta usiku, huo ugomvi ni halali, nakuunga mkono, ila usiuweke kwenye fungu la mionzi.

3. Mnasema milisiveti, milisiveti. Hiyo ni kitu gani kwa lugha ya kawaida?

Ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini ikihesabiwa pamoja na madhara yake, inaandikwa mSv. Kwa wastani wa dunia mtu anapokea kama mSv 2.4 kwa mwaka bila kukanyaga hospitali wala kiwanda, inatoka ardhini, angani, kwenye chakula, na sehemu kubwa kuliko zote ni gesi ya radoni inayopanda toka kwenye udongo na mawe. Hata ndizi na maharage yana potasiamu ambayo sehemu yake ndogo sana ina mionzi. Endelea kula tu.

Sasa linganisha. Picha ndogo ya jino ni kama 0.005, haifiki hata mionzi ya siku moja ya maisha ya kawaida. Eksirei ya kifua ni kati ya 0.02 na 0.1, yaani siku 3 hadi wiki 2 za kuishi tu. Kuruka na ndege toka Dar mpaka London inakaribia eksirei moja au mbili za kifua maana huko juu hewa ni nyembamba na mionzi ya anga inakufikia zaidi. CT skani ya kichwa ni kama 2, na CT ya tumbo ni kama 8 hadi 10, hapo tunaongelea miaka 3 hadi 4 ya mionzi ya kawaida kwa dakika chache. Kwaiyo mtu akisema "nimepigwa picha" muulize picha gani, maana kati ya jino na tumbo kuna tofauti ya mara elfu mbili.

4. Kuna kiwango ambacho ni salama kabisa?

Hapa wataalamu wanajibu kwa tahadhari: wanachukulia kwamba kila kiasi kinaongeza uwezekano wa kansa, kidogo kikiongeza kidogo. Kwa makadirio yanayotumika duniani mSv 10 zinaongeza nafasi ya mtu kufa kwa kansa kwa kama 1 kati ya 2,000 katika maisha yake yote, na hiyo inajumlishwa juu ya nafasi ambayo kila binadamu anayo tayari, ambayo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Mfanyakazi wa mionzi ukomo wake ni mSv 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na hakuna mwaka utakaozidi 50. Raia wa kawaida ni 1 kwa mwaka toka kwenye shughuli za watu wengine, bila kuhesabu picha za hospitali wala mionzi ya asili. Mgonjwa hajawekewa ukomo, maana huwezi kumwambia mtu aliyegongwa na bodaboda kwamba mionzi yake ya mwaka imeisha asubiri Januari. Badala yake daktari anatakiwa awe na sababu ya kila picha.

Alafu kuna madhara ya aina nyingine yasiyo ya bahati nasibu: ngozi kuungua, nywele kutoka, kutapika, damu kushuka. Hayo yanahitaji kiasi kikubwa sana. Kutapika na kuumwa mwili mzima kunaanzia kama milisiveti 1,000 zikiingia kwa muda mfupi, na karibu 4,000 bila matibabu nusu ya watu wanakufa. Hamna eksirei ya kifua itakayokufikisha huko hata upige kila siku.

## Hospitali

5. Kama haina madhara mbona mnakimbia nje mkitupiga picha?

Hili naulizwa na watu wanacheka lakini macho hayacheki. Nakimbia kwa sababu wewe umekuja mara moja, mimi nakupiga wewe na wenzako 40 au 50 leo, na kesho tena, na mwaka ujao tena. Ukipita kwa mama anayechoma mihogo barabarani ukanusa moshi hautakufanya kitu, ila yeye mwenyewe aliyekaa juu ya huo moshi miaka 15 muulize kifua chake. Mimi ndo yule mama.

Na kuna jambo lingine, wewe mionzi ile inakufaidisha, inaonyesha mfupa ulipovunjika. Mimi nikibaki ndani napata hasara tupu.

6. Nimepigwa eksirei mara 3 ndani ya mwezi mmoja kwa ajili ya medikali ya kwenda Uarabuni, nitaweza kuzaa?

Utazaa. Eksirei 3 za kifua hazifiki hata mSv 0.5, na mionzi yenyewe imelengwa kifuani, kizazi kiko chini kabisa. Hasira yangu hapa iko kwingine. Dada anapigwa kituo cha kwanza, wakala anamwambia karatasi imepitwa na muda, anapigwa tena, anabadilisha wakala anapigwa tena, na kila mara analipa. Omba nakala ya picha na ripoti yako kila unapopiga, uitunze, uionyeshe. Kuna wanaokataa kuipokea, ndio, ila usiache kuuliza.

Kitu cha kuzingatia ni kimoja tu: kama hedhi imechelewa sema kabla hujaingia chumbani, hata kama unaogopa safari itaharibika. Endelea na namba 7.

7. Nilipigwa picha sijui kama nina mimba. Nifanye nini?

Kaa chini kwanza. Usiende kutoa mimba kwa sababu ya eksirei, nasema hivi kwa nguvu kwa sababu nimewahi kuletewa binti ambaye shangazi yake alishaamua. Mwaka 1986 baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka kuna wanawake Ugiriki, mbali kabisa na mlipuko, walitoa mimba kwa hofu tupu wakati mionzi iliyowafikia ilikuwa kidogo sana.

Kasoro za kuzaliwa zinazoletwa na mionzi zinaanza kufikiriwa mtoto akipokea kama milisiveti 100. Eksirei ya kifua inamfikishia chini ya 0.01, ya mkono au mguu ni kama hamna. Hata CT ya tumbo, ambayo ndo nzito, kwa kawaida haifiki 100. Kinachobaki ni ile nafasi ndogo ya kansa ya utotoni, ndo maana tunakwepa kupiga tumbo na nyonga za mjamzito kama kuna njia nyingine, hasa wiki ya 8 hadi 15 ubongo unapojengwa. Mwambie daktari ilikuwa picha gani, lini, na tarehe ya hedhi ya mwisho, atapata hesabu.

Na ukiwa mjamzito umepata ajali, unakohoa damu, au unashindwa kupumua, usikatae picha. Mtoto anahitaji mama aliye hai.

8. Altrasaundi na MRI zina mionzi? Na maziwa ya mtoto je, nikinyonyesha?

Altrasaundi ni sauti, MRI ni sumaku. Zote hazina mionzi ayonisha. MRI ina hatari yake nyingine, ile sumaku inavuta chuma kama mwendawazimu, kwaiyo ukiulizwa una chuma mwilini, kifaa cha moyo au kipande cha risasi, jibu ukweli.

Ukinyonyesha, eksirei na CT hazigusi maziwa, toka chumbani mnyonyeshe. Tofauti ni pale unapopewa dawa yenye mionzi ya kunywa au kuchomwa sindano. Ayodini-131 ya tezi la shingo inaingia kwenye maziwa na mtoto anaachishwa kabisa kunyonya uzao huo, na inabidi kuachisha mapema kabla ya siku ya dawa. Kwa dawa nyingine kama teknesiamu nguvu inapungua nusu kila saa 6, hapo wanaweza kukuambia kukamua na kumwaga kwa saa kadhaa tu, au wasikuambie kitu. Uliza kabla ya sindano.

9. Ni kweli kunywa maziwa kunaondoa mionzi?

Hapana. Hii imani nimeikuta kila mahali, kwa welda, kwa wapaka rangi, kwa mafundi wa betri, hata kwa wenzangu wa eksirei wanaoidai kabisa kama haki yao ya kazini. Maziwa ni chakula kizuri, dai tu kama bajeti ipo. Ila mionzi ya eksirei ikishapita imepita, haikai tumboni kama sumu uliyokula, hakuna cha kusafisha. Ni kama mwanga wa tochi: ukiizima hakuna mwanga uliobaki umejificha kwenye ngozi. Wala tangawizi, wala limao, wala zile chai za kusafisha mwili zinazouzwa kwa bei ya mbuzi.

Vidonge vya ayodini navyo watu wananiuliza. Vile vinazuia ayodini yenye mionzi isiingie kwenye tezi la shingo wakati wa ajali ya mtambo wa nyuklia, basi. Kwa eksirei havina kazi.

10. Zamani walikuwa wananifunika na aproni nzito, saivi hawanifuniki. Wamekuwa wazembe?

Inawezekana ni wazembe, lakini mara nyingi sio. Aproni ile ina risasi ndani, risasi ya madini sio ya bunduki, na kwa miaka mingi tulifunika sehemu za siri za kila mgonjwa. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba Marekani kikashauri tuache kufanya hivyo kama kawaida. Sababu zao zinaeleweka: mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo kuliko za zamani, sehemu kubwa ya mionzi inayofika huko inatawanyikia ndani kwa ndani ya mwili na aproni ya nje haiizuii, na aproni ikikaa vibaya inaziba sehemu tunayoitafuta, inabidi turudie picha. Mashine zinazojipima zenyewe zikikuta risasi njiani zinaongeza mionzi. Hapo umemkinga mgonjwa kwa kumzidishia.

Ila anayemshika mtoto wakati wa picha lazima avae. Ukiambiwa ushike mtoto bila aproni, idai. Na kama wewe ni mjamzito usishike, aingie baba au mjomba.

11. Daktari anataka CT ya mtoto wangu, na kuna kliniki inatangaza CT ya mwili mzima kwa ofa. Unasemaje?

Ya mtoto: uliza maswali mawili, je altrasaundi au MRI itatosha, na je mashine imewekwa kwenye kipimo cha mtoto maana mtoto akipigwa kwa kipimo cha mtu mzima anakula mionzi ya bure. Mtoto ana miaka mingi mbele yake ya kansa kujitokeza na seli zake zinagawanyika haraka, tunamhesabia tofauti. Lakini kama ameanguka toka kwenye mwembe na anatapika na kusinzia, mpeleke, CT ya kichwa inaokoa maisha.

Ya ofa: achana nayo. Mtu asiye na dalili anapigwa mwili mzima, anaonekana kauvimbe kasiko na maana, anaanza kufuatiliwa kwa CT nyingine tatu. Hela imeenda, mionzi imeingia na usingizi umetoka.

12. Mama anapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa. Akirudi nyumbani tumtenge na wajukuu?

Msimtenge. Matibabu ya mionzi ya nje, kwa mashine ya kobalti au ya umeme, yanampiga na kuisha pale pale, akitoka mlangoni hana mionzi hata chembe. Anakula na wajukuu, analala nao, anabeba mtoto. Nimeona bibi amewekewa sahani yake na kikombe chake kona ya jiko kama mwenye ukoma, inauma. Hata matibabu ya ndani ya kansa ya mlango wa kizazi, wanapoingiza chanzo kwa dakika chache, chanzo kinatolewa kabla hajashuka kitandani.

Dozi yenyewe ni kubwa ndio, kwa kawaida grei 2 hivi (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia kwenye nyama ya mwili) kila siku kwa wiki 5 mpaka 7, kwaiyo uchovu, ngozi kuwa nyeusi na kuwasha sehemu ile, kuharisha kama ni nyonga, hayo tarajieni. Nywele za kichwa hazitoki kama kichwa hakijapigwa. Msipake mafuta ya dukani bila kuuliza pale pale kitengoni.

Mwenye kutengwa kidogo ni aliyemeza ayodini-131. Huyo kweli anatoa mionzi kwa siku kadhaa, mkojo wake, jasho lake, mate yake. Atapewa maelekezo: alale peke yake, avute maji chooni mara mbili, asikumbatie watoto wala wajawazito, mashuka yake yafuliwe mbali. Nguvu yake inapungua nusu kila siku 8. Akisafiri na ndege abebe barua ya hospitali maana vifaa vya uwanjani vinaweza kupiga kelele hata wiki kadhaa baadaye.

13. Nimepanga chumba kinachopakana na zahanati yenye eksirei, ukuta mmoja.

Chumba cha eksirei kinatakiwa kihesabiwe kabla ya kujengwa, ukuta mnene, mlango wenye risasi, taa nyekundu juu ya mlango, na mkaguzi anapima upande wa pili wa ukuta. Mashine nayo inatoa mionzi pale tu kitufe kinapobonyezwa, sehemu ndogo sana ya sekunde, usiku ukilala hamna kitu. Waombe wakuonyeshe leseni ya TAEC, kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Inatakiwa ibandikwe mahali inaonekana. Kama hawana, ripoti, hapo una haki ya kuwa na wasiwasi.

## Wanaoshinda nayo kazini

14. Nimepewa beji ya mionzi. Ile beji inanikinga?

Haikukingi, inakuandikia tu. Ni kama mita ya Luku, kuwa nayo hakukupunguzii umeme uliotumia. Inavaliwa kifuani, chini ya aproni kama unavaa aproni, na inapelekwa kusomwa kila mwezi au kila miezi 3. Usiiache kwenye dashibodi juani, usimwazime mwenzako, usiivae siku unapopigwa picha wewe kama mgonjwa. Na majibu yakirudi dai kuyaona, ni yako. Kuna saiti nimewahi kufika nikakuta beji 11 zimefungiwa kwenye droo ya meneja "zisipotee", na kila robo mwaka wafanyakazi wote wanasomeka sifuri, kila mtu ana furaha.

Mfanyakazi ukipata mimba toa taarifa mapema. Sheria za kimataifa zinataka mtoto asizidi mSv 1 kwa muda uliobaki, na unabadilishiwa majukumu bila kufukuzwa.

15. Muda, umbali, kinga: nielezee kama mtu wa saiti.

Muda kila mtu anauelewa, ukikaa nusu ya dakika unapata nusu. Umbali ndo watu hawauamini. Ukitoka mita 1 kwenda mita 2 haipungui nusu, inabaki robo. Ukifika mita 10 inabaki moja ya mia. Kwaiyo hatua zako tisa za kurudi nyuma zina nguvu kuliko aproni yoyote. Kwenye vyanzo vya iridiamu au kobalti, vile vyuma vyenye mionzi vya viwandani, aproni ya eksirei ya milimita nusu haisaidii cha maana, mionzi yake, inayoitwa gama, inaipita kama upepo kwenye chandarua, na nimeona kijana ameivaa akasogea karibu kwa kujiamini. Kinga ya kweli pale ni zege nene, risasi nzito ya sentimita kadhaa, au udongo.

16. Kuna vipimio vya mionzi kwenye kiwanda chetu cha saruji, na jamaa wa barabara wanakuja na kimashine cha kupima lami. Niogope?

Vile vina sesiamu-137 au amerisiamu-241 ndani ya kasha la risasi lenye dirisha moja. Kasha likiwa zima na dirisha likifungwa wakati wa matengenezo pita tu, usisimame mbele ya mwali wala kuingiza mkono. Shida ni siku kiwanda kinapofungwa au kinapouzwa, mafundi wanakata vyuma kwa gesi na hakuna anayekumbuka kwamba lile kasha la njano lilikuwa na nini. Sesiamu inachukua miaka 30 kupungua nusu, inamsubiri mtoto wako.

Januari 2023 Australia Magharibi walipoteza kidonge cha sesiamu cha milimita 8 kwa 6, kilidondoka toka kwenye kipimio kilichokuwa kwenye lori. Wakaitafuta barabara ya kilomita 1,400 na magari ya vipimo mpaka wakakipata. Kitu kidogo kuliko punje ya hindi.

17. Mimi ni msaidizi wa welda. Jamaa wanakuja usiku kupiga picha za maungio ya bomba, wanasema tukae mbali. Ni lazima?

Lazima, na hili ndo swali ninalotaka mlisome taratibu. Tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, lianze kujengwa naulizwa sana habari za kupima maungio. Kwenye mabomba, matangi na boila njia mojawapo ni kamera ya gama, ndoo ndogo nzito yenye chanzo cha iridiamu-192 ndani. Inafanyika usiku kwa sababu watu ni wachache. Chanzo kinasukumwa kwa kebo kinatoka kwenye kamera kinapita kwenye bomba laini mpaka kwenye kiungio, alafu kinarudishwa.

Hesabu yake ni hii. Chanzo kipya cha kyuri 100 (kyuri ni kipimo cha ukali wa chanzo) kwa mita 1 kinakupa ukomo wako wote wa mwaka kama mfanyakazi kwa dakika mbili na nusu hivi. Ukikishika, sentimita 1 toka kwenye ngozi, ni zaidi ya milisiveti 1,000 kwa sekunde moja. Rudi namba 4 uone 1,000 ni nini.

Ajali nyingi zinafanana: chanzo kimekatika kwenye kebo kimebaki ndani ya bomba laini, mpigaji amechoka ni saa tisa usiku, hajawasha kipima mionzi chake au betri imekufa, anakunja vitu anaondoka. Februari 1999 huko Yanango, Peru, kwenye ujenzi wa umeme wa maji, welda aliokota kichuma akakitia mfuko wa nyuma wa suruali akaendelea na kazi. Jioni paja likaanza kuuma, daktari wa kwanza akafikiri ni mdudu kamuuma. Mke wake akaikalia ile suruali akimnyonyesha mtoto. Mguu ulikatwa.

Kwaiyo ukiona kamba, taa inawaka na king'ora, kaa nyuma ya kamba hata kama koti lako liko upande ule. Na mpigaji akimaliza, muulize kwa heshima tu, "kaka umepima?" Anayejua kazi yake hatakasirika, atakuonyesha mshale wa kipima mionzi chake.

## Skrepa na vitu vilivyopotea

18. Nimenunua chuma kizito kuliko kawaida kina alama ya pangaboi la njano. Nikipasue?

Acha. Usipasue, usikate, usipige nyundo, usikihamishe. Ondoka na wote waliopo mpaka mita 30 au zaidi, zuia watu, nawa mikono, andika majina ya kila aliyekigusa, ita polisi na uwaambie neno mionzi waziwazi ili waite TAEC. Kenya ni ile mamlaka ya namba 13, Uganda ni Baraza la Nguvu za Atomu. Dalili nyingine: chuma kidogo kizito ajabu maana kimejaa risasi au urani hafifu, na siku hizi kuna alama ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, iliyotolewa 2007 kwa sababu watu wengi walikuwa hawaelewi lile pangaboi.

Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Kliniki ya mionzi ilihama ikaacha mashine ya sesiamu kwenye jengo bovu. Vijana wawili wakaichomoa, wakaiuza skrepa. Ndani kulikuwa na unga unaong'aa bluu gizani, mwenye skrepa akaona maajabu, akagawia ndugu na marafiki, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa miaka 6 akala mkate kwa mikono yenye ule unga. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye skrepa, aliona kila aliyekigusa anaumwa, akakibeba kwenye mfuko akapanda nacho basi mpaka kwa watu wa afya. Bila yeye wangekufa wengi. Walikufa watu 4, yeye na yule mtoto wakiwemo, watu zaidi ya 112,000 wakapangwa foleni kupimwa uwanjani na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Sio Brazili tu. Mohammedia, Moroko, 1984, kibarua alipeleka nyumbani chanzo cha iridiamu na watu 8 wakafa. Meet Halfa, Misri, mwaka 2000, mkulima alifikiri ameokota kitu cha thamani, akafa yeye na mwanawe, na mwanzoni madaktari walidhani ni ugonjwa wa ngozi.

19. Mashine ya eksirei ya zamani imetupwa nyuma ya hospitali, nayo ni hatari hivyo hivyo?

Hapana, na tofauti hii ikariri. Eksirei na CT ni za umeme, ukichomoa waya hakuna mionzi, ni kama balbu. Ina mafuta ya transfoma yanayoweza kuwa na sumu, na risasi, kwaiyo usichome moto wala kumimina mtaroni. Mashine ya kobalti au ya sesiamu ni kitu kingine kabisa: chanzo kiko ndani kinawaka usiku na mchana iwe kuna umeme au Luku imeisha. Kama huwezi kuzitofautisha, fanya ya namba 18. Vyanzo vilivyokwisha kazi Tanzania vina mahali pake maalumu Arusha, havizikwi shambani.

20. Nitajuaje kama nimeunguzwa na mionzi na sio moto au mdudu?

Moto unauma saa ile ile. Mionzi inakuja kwa kuchelewa: saa chache unaweza kutapika bila kula kitu kibaya, alafu unapata nafuu, unajiona umepona, siku kadhaa baadaye ngozi inakuwa nyekundu, inavimba, inatoa malengelenge mahali ambapo hukuungua. Kutapika mapema kunamaanisha dozi ilikuwa kubwa. Mwambie daktari kazi yako na kile ulichokishika, hata kama hajakuuliza, na mwombe kipimo cha damu cha seli nyeupe kirudiwe kila baada ya saa kadhaa, maana kushuka kwake ndo kunaonyesha ukubwa. Aliyepigwa na mionzi ya nje hakuambukizi, msaidieni bila woga. Ila kama alishika unga, avuliwe nguo zifungwe kwenye mfuko na aoge kwa maji na sabuni bila kujisugua, hapo umeshaondoa sehemu kubwa.

21. Kuna mtu ana urani na redi mekyuri anauza, anataka mbia. Vina mionzi?

Redi mekyuri, ile zebaki nyekundu ya matapeli, haipo, haijawahi kuwepo, mwaka 2009 watu Saudi Arabia walinunua cherehani kuukuu kwa bei ya gari wakiambiwa imo ndani yake. Urani ipo, Tanzania tunayo Mto Mkuju kule Namtumbo, lakini haiuzwi kwenye chupa ya dawa hotelini. Katika zile chupa unakuta mchanga, unga wa chuma au risasi, na mara moja moja, hapo ndo nywele zinanisimama, unakuta chanzo halisi kilichochomolewa kwenye kipimio cha barabara na muuzaji mwenyewe hajui. Kwaiyo usikifungue ili "uhakikishe". Toka nje, alafu piga simu polisi ukiwa mbali.